Siku nne za theluji na santuri ya jalada jeusi

Mwishoni mwa Februari 2018 theluji iliingia Ireland kwa kishindo. Serikali ikatangaza tahadhari nyekundu, watu wakaambiwa wakae majumbani, na mkate ukaisha madukani hata kabla dhoruba yenyewe haijatua. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Newbridge, mji mdogo wa kaunti ya Kildare, kwa seremala mstaafu aliyeishi peke yake. Ghala nililokuwa nafanyia zamu ya usiku lilifungwa. Ikawa siku nne mfululizo mimi na mzee yule tumefungiwa nyumba moja, na ukweli ni kwamba tangu Novemba tulikuwa hatuzungumzi zaidi ya salamu.

Nianze na hiyo Novemba.

Mzee alikuwa akipuliza filimbi ya mbao, ile ndefu inayoshikwa kwa ubavu. Kila Alhamisi alikwenda baa moja ya mjini ambako wapigaji saba au wanane hukaa mviringo kwenye kona, wakapiga bila jukwaa, bila kipaza sauti na bila malipo. Siku moja nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye maulidi, na dufu nimelishika tangu miaka tisa. Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha kulipasha moto ngozi ikaze, na kulijua kwa sikio kama limekuwa tayari. Mzee akafurahi sana. Akanionyesha ngoma yao ya bodhrán: duara la mbao, ngozi ya mbuzi upande mmoja, upande wa pili wazi. Nilicheka kwa furaha nilipoipokea. Ilikuwa kubwa kuliko dufu, na wao huipiga kwa kijiti kifupi, lakini mkono wangu wa kushoto ulijua papo hapo pa kukaa nyuma ya ngozi.

Alhamisi iliyofuata nikaenda naye. Nikaagiza chai yangu, nikakaa kwenye mviringo, na wimbo wa pili ulipoanza nikaingia. Niliingia kwa nguvu zote. Mapigo niliyasikia vizuri, wala sikupotea hata mara moja, na nikaanza kutia madoido ya nyumbani, yale ya kujibizana na kiongozi. Sikuona kwamba mama aliyekuwa na fidla amepunguza sauti. Sikuona kwamba wa konsatina ameacha kabisa. Mzee akaondoa filimbi mdomoni, akanyoosha mkono, akauweka bapa juu ya ngozi ya ngoma yangu. Sauti ikafa. Hakusema neno. Wenzake wakaendelea na wimbo, na mimi nikabaki na ngoma magotini mbele ya watu wote mpaka wimbo ulipoisha, kisha nikavaa koti nikarudi nyumbani peke yangu kwa miguu.

Niliumia. Nilijiambia kwamba mzee yule ana dharau, kwamba ameniona mgeni nisiyejua kitu. Miezi mitatu tukaishi kwa "habari za asubuhi" na "usiku mwema".

Basi theluji ikaja. Siku ya pili jioni, moto wa vipande vya mboji kavu, ile wanayoichoma kama kuni, ukiwaka, mzee akainama kwenye kabati akatoa santuri yenye jalada jeusi. "Umekaa hapa mwaka mzima," akasema, "na hujajua umekaa wapi." Jalada liliandikwa neno moja tu, Planxty. Wanaoipenda huiita albamu nyeusi. Ilirekodiwa London mwaka 1972, ikatoka 1973, ina nyimbo 12. Vijana wanne waliipiga: Christy Moore, Dónal Lunny, Liam O'Flynn na Andy Irvine. Mzee akanionyesha kwa kidole kupitia dirishani, kama vile wangeweza kuonekana kwenye theluji: Moore amezaliwa hapa Newbridge. Lunny amekulia hapa Newbridge. O'Flynn anatoka Kill, kijiji cha jirani. Irvine peke yake ndiye wa kuja, amezaliwa London.

Na kundi lenyewe lilizaliwa chini ya ardhi. Moore alikuwa karani wa benki aliyekwenda Uingereza wakati wa mgomo wa mabenki mwaka 1966, akaishia kuimba kwenye klabu za nyimbo za asili kule. Mwaka 1971 akarudi nyumbani kurekodi, akakusanya marafiki kwenye chumba cha chini cha nyumba kubwa ya zamani karibu na kijiji cha Prosperous, safari ya gari isiyofika nusu saa kutoka pale tulipokuwa tumekaa. Albamu ile ikaitwa Prosperous, jina la kijiji. Wanne kati ya waliokuwamo chumbani wakaona kwamba kilichotokea kati yao hakifai kuachwa. Mapema 1972 wakajiita Planxty, neno linalohusishwa na Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu aliyefariki mwaka 1738. Yeye alikuwa akitunga nyimbo za kuwasifu wenyeji waliompokea, na nyingi ya hizo zina neno hilo mwanzoni mwa jina lake.

Mzee akaweka sindano.

Wimbo wa kwanza ni kisa cha mke wa bwana mkubwa anayeacha nyumba, kitanda na mali, akafuatana na wasafiri wa njiani. Mume anapanda farasi kumfuata. Moore anauimba bila kuupamba, kama mtu anayeleta habari. Chini yake kuna nyuzi, na hapo ndipo nilipoinua kichwa. Nilizoea gitaa linalochapwa kumbebea mwimbaji sauti. Hapa haikuwa hivyo. Mandolini ya Irvine na buzuki ya Lunny zilikuwa zinasukana, moja inapanda nyingine inashuka, moja inauliza nyingine inamalizia, na hakuna inayomfunika mwenzake wala kumfunika mwimbaji. Buzuki ni ala ya Wagiriki. Ililetwa Ireland katikati ya miaka ya 1960 na mwanamuziki aitwaye Johnny Moynihan. Baadaye Irvine akawa nayo moja, akampa Lunny. Leo ukienda baa yoyote ya muziki utaikuta, na vijana wengi hudhani ilikuwepo tangu enzi za mababu.

"Sasa sikiliza hapa," mzee akasema, akiinua kidole.

Kisa kilikuwa kimefika mwisho. Sauti ya Moore ikanyamaza, lakini nyuzi hazikukatika. Zikageuza mwendo taratibu, kama jahazi linalobadili tanga, na ndani ya mgeuko ule ikapanda zumari ya mfuko ya O'Flynn na lahani nyingine kabisa, ya polepole na ya heshima. Mzee akafumba macho. Ilipoisha akainua sindano, akairudisha nyuma kwa mkono mwepesi wa seremala, tukasikiliza tena makutano yale. Akarudia mara ya tatu.

Halafu akaniambia lahani ile inaitwa Tabhair dom do lámh, maana yake "nipe mkono wako". Ilitungwa miaka 400 iliyopita na Ruaidhrí Dall Ó Catháin, naye mpiga kinubi, naye kipofu. Inasimuliwa kwamba alikwenda Scotland, akaingia nyumba ya bibi mmoja mkubwa wa huko. Yule bibi hakumjua, akamwamuru apige kinubi kama anavyoamuru mtumishi. Ó Catháin akakataa, akatoka kwa hasira. Bibi alipoambiwa ni nani yule, akatuma watu wamwombe radhi, na yeye akarudi na lahani hiyo.

Mzee alisimulia yote hayo akiutazama moto. Alipomaliza akanitazama mimi. "Ile Alhamisi," akasema, "ningekuambia kwa mdomo, siyo kwa mkono." Nikamwambia yamekwisha. Kwa kweli yalikuwa yamekwisha pale pale, na sidhani kama kuna radhi niliyopata kuombwa maishani ikaniingia kama ile.

Kuanzia hapo akafunguka. Akaniambia nilichokosea hakikuwa mapigo. Mapigo yalikuwa mazuri, hata mama wa fidla alisema. Nilichokosea ni kuingia kwenye wimbo nisioujua. Pale kwenye mviringo, lahani ina mizunguko. Kwa kawaida hupigwa mara tatu. Asiyeijua huiacha ipite, akaisikiliza inavyopinda. Mwenye ngoma ndiye anapaswa kuwa na subira kuliko wote, kwa sababu ngoma moja inaweza kuwazima watu saba. Moore mwenyewe anapiga bodhrán kwenye albamu hii. Mzee aliniambia nitafute ngoma ile. Niliitafuta wimbo kwa wimbo, na mara nyingi niliitambua baada ya kuwa imeshaondoka.

Nikakumbuka mjomba. Kwenye maulidi ya kwetu hakuna mtoto anayejichukulia dufu. Unakaa pembeni usiku hata mitatu, unaitikia tu, mpaka mtu mzima akusogezee. Hayo niliyafundishwa nikiwa na miaka tisa. Nilivuka bahari nikayaacha forodhani, nikadhani kwamba kwa kuwa ngozi ni ya mbuzi na mkono ni wangu, basi nimeshakaribishwa.

Siku ya tatu theluji ilikuwa imefika kwenye kizingiti cha dirisha, na sisi tukawa tunasikiliza upande wa pili. Nisipite haraka bila kuitaja zumari, maana ndiyo iliyonishika moyo. Waayalandi wanaiita uilleann, neno la kwao lenye asili ya kiwiko. Mpigaji hapulizi kwa mdomo. Chini ya kwapa moja amefunga mvukuto mdogo, mfano wa ule wa mhunzi, na chini ya kwapa la pili amebana mfuko wa ngozi. Mvukuto unajaza mfuko, mfuko unalisha filimbi inayoshikwa kwa vidole vyote juu ya paja, na papo hapo kuna mabomba matatu yanayovuma sauti moja isiyokoma, na mengine matatu yenye vibonyezo ambavyo mpigaji huvigusa kwa ukingo wa kiganja bila kuacha lahani. Wenyewe wana msemo kwamba inachukua miaka 21 kumpata mpigaji: 7 ya kujifunza, 7 ya mazoezi, 7 ya kupiga. Mwaka 2017, miezi michache tu kabla ya theluji ile, UNESCO iliuingiza upigaji wa zumari hiyo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Lakini O'Flynn alipokuwa mtoto, waliobaki wakiipiga walikuwa wachache mno, na kijana wa mjini hangedhani kwamba ni kitu cha kumshangilia mtu.

Ndiyo maana albamu hii ilikuwa kitu kikubwa. Kabla yake wapigaji wa zumari walikuwa na wasikilizaji wao, na waimbaji wa visa wenye magitaa walikuwa na wao, na vijana wenye nywele ndefu walikuwa kwenye muziki wa umeme. Wanne hawa wakaviweka pamoja, na hawakulainisha zumari ili ikubalike. Mwaka 1972, kabla albamu haijatoka, walipewa nafasi ya kufungua onyesho la mwimbaji Donovan mjini Galway. Taa zilikuwa zinamulika usoni, Irvine haoni watu, anasikia kelele tu zinaongezeka, akadhani ukumbi umeingia vurugu. Kumbe ni watu wanashangilia.

Nyingine nitazipitia haraka. Kuna Arthur McBride, kisa cha vijana wawili wanaomkataa askari anayeandikisha watu jeshini asubuhi ya Krismasi. Kuna wimbo wa mapenzi wa mtunzi Ewan MacColl unaotiririka na mto Thames. Kuna wa vita vya mwaka 1580, ambao kwa nguvu zake mtu hukaa wima kwenye kiti. Wimbo wa Irvine kuhusu pwani ya magharibi ya kaunti ya Clare mimi naupenda kuliko nyimbo zote za kuimba kwenye santuri hii. Una huzuni ya mtu aliyerudi mahali pale pale bila yule aliyekuwa naye. Na wa mwisho, kisa cha mhunzi aliyemdanganya msichana, unaishia kwenye mapigo ya kukatikakatika ambayo Irvine aliyatoa Balkani, alikozunguka mwishoni mwa miaka ya 1960.

Lakini kilichonibadilisha kilikuwa jambo lingine, nalo liko nje ya sauti. Kila wimbo ulipoanza, mzee alitaja ulikotoka. Sisemi mtunzi, mara nyingi mtunzi hajulikani. Alitaja ulikopitia. Ile lahani iliyopewa jina la Junior Crehan, akasema, huyo ni mpiga fidla wa Clare, na mama yake O'Flynn alikuwa mtu wa Clare mwenye udugu naye. O'Flynn alifundishwa na Leo Rowsome, akalelewa kimuziki na Willie Clancy na Séamus Ennis, wote watatu wapiga zumari. Clancy alifariki Januari 1973, mwaka ule ule ilipotoka santuri. Ennis alipofariki mwaka 1982 alimwachia O'Flynn zumari zake mwenyewe.

Na ule wimbo wa kwanza, wa mke aliyefuata wasafiri, Moore aliupata kwa John Reilly. Huyu alikuwa mmoja wa Wasafiri wa Ireland, jamii ambayo imeishi barabarani vizazi na vizazi na kudharauliwa muda wote huo. Tom Munnelly, mkusanyaji wa nyimbo, alimkuta kwenye nyumba gofu mjini Boyle, kaunti ya Roscommon, kichwani ana nyimbo ambazo wataalamu walidhani zimeshakufa. Akamrekodi. Reilly alifariki mwaka 1969 katika ufukara, kabla hata miaka minne haijapita Ireland nzima ikawa inaimba wimbo wake. Hilo linaniuma mpaka leo. Wimbo unaosifu wanaoishi njiani ulisubiri aliyeishi njiani afe ndipo upate nyumba. Kila nikimsikia Moore anaanza, namtanguliza Reilly moyoni, na nadhani Moore mwenyewe angetaka hivyo, kwa sababu jina la Reilly hajaliacha hata siku moja.

Nilimuuliza mzee kwa nini wote wanataja. Akaona swali la ajabu kidogo. "Ukikaribishwa chakula," akasema, "utakula bila kujua umeingia nyumba ya nani?"

Siku ya nne jua likatoka, maji yakaanza kudondoka kwenye mabati, nikaitwa kazini.

Tarehe 14 Machi, wiki mbili tu baadaye, nilirudi asubuhi kutoka zamu nikamkuta mzee jikoni, redio ikiwa wazi. Liam O'Flynn amefariki. Alikuwa na miaka 72. Mzee alikuwa amemenya viazi vingi kuliko tunavyoweza kula, na alikuwa bado anamenya. Nikampa pole kwa namna yetu, nikamshika mkono nikakaa naye bila kusema, na hakuutoa. Baadaye akasema alimsikia O'Flynn mara ya kwanza akiwa kijana fundi wa miaka 20 na kitu, na kwamba usiku ule alirudi nyumbani akalichukua filimbi la babu yake lililokuwa limetupwa stoo, akalipaka mafuta.

Hatukuicheza santuri siku ile. Alisema bado.

Alhamisi akaniambia nivae, twende. Sikuwa nimekanyaga baa ile tangu Novemba. Mviringo ulikuwa mkubwa. Watu walikuwa wamekuja na kutoka Kill. Hawakutoa hotuba. Mama wa fidla akanisogezea kiti, na chai ikaja kabla sijaagiza. Nilikaa saa nzima na nusu mikono yangu ikiwa tupu. Nilisikiliza lahani zinavyoshikana mikia, nani anampisha nani, nani anafumba macho wapi. Mbili tatu nilizitambua kwenye santuri, na niligundua kwamba hapa zina mikunjo midogo tofauti, kila mtu na wake.

Halafu mzee akaiokota bodhrán chini ya kiti chake, akaninyooshea bila kunitazama, akaanza Merrily Kissed the Quaker, ile iliyo karibu na mwisho wa upande wa pili. Niliijua. Nilikuwa nimeisikia labda mara 20 kwenye theluji. Nikaiweka ngoma gotini, kiganja cha kushoto nyuma ya ngozi, nikaacha mzunguko wa kwanza upite. Nikaacha na wa pili. Mama wa fidla akanitupia jicho. Kwenye wa tatu nikagusa, chini kabisa, pale tu walipovuta pumzi.